Kiti cha Ngongoti

9 Februari

Kaka Ngongoti,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta unaendelea vizuri, na Mama na wifi pia. Mimi mzima, ila mafua ya vumbi hayaniachi. Mwambie Mama koti lake nalivaa kila asubuhi na chumba nilichopata hakivuji. Kiko juu ya duka la rangi. Nina dirisha moja, kitanda kimoja, na harufu ya rangi ambayo sitozwi. Wifi mwambie suruali aliyonishonea yenye mifuko mingi imenikaa, na mafundi hapa wananionea wivu kwa mifuko ile.

Gari lilifika salama. Nililipokea mwenyewe stesheni, nikalikagua kama mama mkwe anavyomkagua bibi harusi. Nilikuta mkwaruzo mmoja tu, mlango wa kulia. Mzee Miwani, mwenye gereji, alilizunguka, kisha akalala chini akalitazama uvunguni, akatoka na kuniuliza nani alichomelea chasisi. Nikamwambia ni kaka yangu. Akasema huyo mtu ana mkono. Nikaona nikuandikie hilo kabla ya lolote.

Sasa nisikilize. Nilipoondoka nyumbani Desemba tulikubaliana nitalitunza tu, niwe nawasha injini mara kwa mara, mpaka mguu wako utoke kwenye vyuma na wewe uje. Mzee Miwani amekuja na jambo jingine. Kwenye yale mashindano ya barabarani ya mwezi wa tano, yaleyale ulimoumia mwaka jana, gari letu bado lina nafasi kwa sababu wewe hukulimalizia mbio zake. Nafasi ni ya gari, si ya dereva. Likikaa bila kukimbia mwaka huu, nafasi inapewa mwingine. Mzee amenipima. Alinipa usukani wa gari lake la zamani, tukapanda mlima na kushuka, na tulipofika chini alikuwa amevua miwani anaifuta. Amesema nikilikimbiza gari letu nikamaliza ndani ya watano wa kwanza, mwakani ananipa gari lake. Nitakuwa dereva wake. Sitakuwa fundi tena, Kaka, dereva.

Najua unacheka. Cheka, halafu urudi tuongee.

Shida ni kiti. Ulikifunga moja kwa moja kwenye sakafu, hakina reli, ukakipima kwa miguu yako, na urefu wa miguu yako unajulikana mtaa mzima. Nikikaa, breki naigusa kwa ncha ya kiatu. Nikitaka kuikanyaga mpaka mwisho lazima niteleze chini hadi sioni barabara. Kukisogeza mbele ni kazi ya nusu siku. Natoboa matundu mapya, na ukija nakirudisha palepale. Naomba ruhusa yako. Sitagusa kitu bila neno lako.

Mguu unasemaje? Daktari ameshatoa vyuma?

Mdogo wako anayekodolea macho sanduku la barua,
Nati


27 Februari

Nati,

Marahaba. Hapa hatujambo. Mama kifua kinambana asubuhi, ikifika mchana anagombana na kila mtu, kwa hiyo ujue ni mzima. Wifi yako ameongeza cherehani ya pili na nyumba nzima inanguruma. Kitanda changu wamekihamishia chumba cha mbele ili nione barabara. Basi naiona. Naona kila gari linalopita na namna watu wanavyoua klachi za watu.

Barua yako ilisomwa kwa sauti. Wifi yako alicheka pale pa mama mkwe. Mama, barua ilipofika kwenye mashindano, alinyanyuka akaenda kutazama chungu ambacho hakikuwa motoni.

Kama unataka kukimbia, kimbia. Gari si la kulala. Sasa shika haya niliyoyalipia. Gia ya tatu ikipata moto inaruka, ishikilie kwa goti. Usijaze tangi, nyuma itakuwa nzito na kwenye kona itataka kutangulia. Kule mlimani wenye magari makubwa watakuacha kwenye mnyooko, usihangaike nao, wasubiri kwenye kona, upande wa mtaro. Kuna nafasi ya gari moja pale kama dereva hana woga. Ukishuka kutoka msituni usingoje kuliona daraja ndipo ukanyage breki. Anza kukanyaga ukiuona ukuta wa kinu cha unga. Ukiliona daraja umeshachelewa. Breki zangu zinashika, ila zinataka mguu wote, hazitaki kubembelezwa.

Umeuliza habari ya mguu. Naweza kukuambia vidole vinaniwasha usiku, hasa kidole gumba. Naamka nataka kujikuna. Wanasema ni jambo la kawaida.

Mama anakushonea mto wa kuweka mgongoni. Anasema kuhamisha kitu cha mtu aliyelala kitandani ni uchuro. Unamjua Mama.

Usisahau kubadilisha oili.

Ngongoti


20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Pole na kelele za cherehani. Mimi sijambo, mafua yamekwisha, sasa ni mikono tu imepasuka kwa petroli.

Habari ya vidole ilinitoa machozi, sikufichi. Nilisoma barua nimesimama mlangoni kwa Mzee Miwani, nikamwambia, naye akasema mguu unaowasha ni mguu unaopona, yeye mwenyewe alivunjika zamani na ndivyo ilivyokuwa. Nikawaambia gereji nzima. Hata mpaka rangi wa gereji, ambaye hakujui hata kwa sura, ananiuliza kila asubuhi vidole vya kaka vinaendeleaje.

Mto umefika. Mwambie Mama ni mzuri, turubai ngumu, nyuzi zimekaa. Nimeujaribu barabara ya nyuma ya maghala. Kwa mwendo wa kawaida unanisogeza vizuri. Lakini ndani ni sponji, Kaka. Nikikanyaga mafuta mgongo unazama, na breki inarudi kulekule mbali. Mtu anaweza kulizoea hilo kwenda sokoni. Kwenye mnyooko wa msituni sijui.

Kwa hiyo nauliza tena. Umeniambia gia, tangi, mtaro, daraja na oili. Umenijibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Wakaguzi wa mashindano wanakuja tarehe ishirini Aprili. Wakishalipiga gari muhuri hairuhusiwi kubadilisha kitu mpaka mbio ziishe. Niandikie hata neno moja tu, sogeza au usisogeze, na ukisema sogeza naapa matundu yako sitayaziba.

Nimeanza kupata nafasi hata ndotoni. Naota namaliza, halafu naamka nasikia harufu ya rangi. Kaka, sijawahi kutaka kitu namna hii.

Nati


11 Aprili

Nati,

Marahaba. Wote wazima. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya shughuli, na wewe usiniulize mtu aliyelala ana shughuli gani.

Kiti kiache kilivyo.

Si kwamba sikuamini. Siku nitakayokuja nataka nikae kama nilivyoinuka, nisianze kutafuta pedali kama mwanafunzi wa udereva. Nimelala hapa tangu mwaka jana na kitu kimoja tu duniani ninachojua kiko mahali pake ni hicho. Ukikisogeza utakuwa umeniambia jambo ambalo humu ndani hakuna aliyethubutu kunitamkia.

Funga mto vizuri. Tumia mpira wa ndani wa tairi, kamba zitalegea.

Nakuombea.
Ngongoti


9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, vumilia.

Hatukumaliza. Mimi mzima isipokuwa kifundo cha mkono wa kulia, wamekifunga plasta. Gari limeumia mbele upande wa kulia, bodi na taa na rejeta. Injini salama. Chasisi salama.

Breki haikunitosha. Mengine nitaandika mkono ukipona.

Msalimie Mama. Usimsomee barua hii.

Nati


24 Mei

Nati,

Marahaba. Pole na mkono. Mama amelia, amemaliza, sasa anataka kujua kama unakula.

Tulisikia redioni. Wifi yako alizima cherehani zote mbili. Mtangazaji alianza kukutaja ukiwa wa tisa, halafu wa sita, halafu akawa hana neno jingine mdomoni ila gari jekundu na binti aliye ndani yake. Ulipokuwa wa tatu niligonga ukuta kwa ngumi, wifi yako akaja mbio akidhani nimeanguka. Kisha mtangazaji akasema gari jekundu halijavuka daraja. Akarudia. Halafu wakaweka tangazo la sabuni.

Nilisubiri barua yako wiki mbili, na ilipofika imeniletea maneno mawili, breki haikunitosha. Breki zile nilizitengeneza kwa mikono hii. Nilizijaribu kwenye mteremko ule mara nyingi kuliko ulivyowahi kukalia gari lolote. Zilikutosha mizunguko yote ile, ikabaki miwili zikaacha kukutosha? Nilikwambia anza kukanyaga ukiuona ukuta wa kinu. Wewe ulisubiri daraja. Uliona watu wanashangilia ukajisahau. Sema hivyo, nitakuelewa. Mimi nilitolewa barabarani na jiwe lililoporomoka, hakuna dereva ambaye angelikwepa. Wewe hata jiwe hukuwa nalo.

Nilikukabidhi gari zima ukanirudishia chuma chakavu na lawama juu yake. Huyo Mzee Miwani wako alikujaza upepo. Ungebaki na spana yako, unajua kuishika, hakuna anayekupinga hapo.

Usiligonge nyundo hovyo. Nitakapokuja nitalinyoosha mwenyewe.

Ngongoti


2 Julai

Kaka,

Sikukuamkia, na umeona.

Natumaini Mama hajambo. Mwambie nakula. Plasta imetolewa, mkono unafunguka na kufunga, baridi ikizidi unauma. Hizo ndizo habari zangu.

Wifi alikuja hapa Alhamisi iliyopita. Alifika gereji na begi lake, akakaa juu ya kreti, akanywa maji, akaniomba nimsindikize nyuma ya hospitali kubwa kwenye karakana ya kutengeneza miguu. Nikadhani ni habari ya fimbo au magongo. Akafungua begi akatoa kiatu chako cha kulia. Alikuwa amekipiga rangi na kukijaza magazeti kisipoteze umbo. Akasema fundi wa kule anakihitaji ili mguu wa bandia uingie vizuri ndani yake. Nikamuuliza mguu gani wa bandia. Akasema, "Si alikuandikia Januari walipoukata?"

Nilikaa chini, Kaka, kwenye mafuta. Yule mpaka rangi akadhani nimepata habari ya msiba.

Mguu ulikatwa Januari, juu ya goti. Barua yangu ya kwanza ni ya Februari. Kabla sijakuomba kiti, mguu uliopimiwa kiti haukuwepo. Ukaniandikia vidole vinawasha. Nikalia kwa furaha mbele ya watu. Ukaniandikia kwamba siku utakayokuja unataka ukae kama ulivyoinuka. Ukamwacha Mama, anayejua, anayekufunga bandeji kwa mikono yake, akae chini ashone mto. Wifi anasema uliwakataza wote, mmoja mmoja, na ukamwambia yeye kwamba mimi utaniandikia mwenyewe. Kweli uliniandikia. Uliniandikia habari za oili.

Kwenye karakana ile kuna rafu imejaa miguu ya mbao, mingine mifupi ya watoto. Fundi alipima kiatu chako, akasema huyu ni mtu mrefu. Wifi akasema ndiyo, sana.

Sasa nitakusimulia mbio. Hujaniuliza, lakini nitakusimulia.

Tulipangwa mtaa wa stesheni, magari mawili mawili, asubuhi yenye baridi, watu wamejaa juu ya mapaa ya maghala. Nilikuwa safu ya saba. Mto nilikuwa nimeuzungushia mipira ya tairi kama ulivyosema. Bendera iliposhuka sikuisikia injini yangu, nilisikia za wenzangu tu. Nilijua yangu inafanya kazi kwa sababu usukani ulikuwa unatetemeka. Mlima wa kwanza nikawapita wanne. Gari lako linapanda, Kaka. Wakubwa wote walikuwa wanahema kwenye kona na mimi napita ndani, upande wa mtaro, na kweli kuna nafasi ya gari moja. Gia ya tatu ikaanza kuruka, nikaishikilia kwa goti. Msituni lami ilikuwa na unyevu. Pale penye jiwe lako wameweka chokaa. Nilipita pale kila mzunguko, na kila mzunguko nilikanyaga mafuta zaidi, nina hasira na wala sijui namkasirikia nani.

Lakini ukikanyaga mafuta unazama kwenye sponji. Kwa hiyo kila mwisho wa mnyooko nilikuwa najivuta kwa usukani, nautoa mgongo kitini, nakanyaga breki nusu nimesimama, halafu nakata kona na usukani uleule ninaoung'ang'ania. Mapaja yalitetemeka mpaka nikawa nayasemesha kama watoto. Niliyaambia bado kidogo, bado kidogo. Nikawa wa tisa, wa sita, wa nne. Kuna daktari mmoja wa meno, anayekimbia mashindano mwishoni mwa wiki na kung'oa meno siku nyingine, nilikuwa nauona mkia wa gari lake. Kisha Mzee Miwani akaninyooshea ubao wenye tatu kubwa ya chokaa, na mzee mzima alikuwa anarukaruka. Nilifurahi. Nimekukasirikia lakini sitaificha furaha ile, kwa sababu ni yangu. Wakati ule hakuna mtu kule barabarani aliyekuwa anamwona fundi. Walikuwa wanamwona dereva.

Ilipobaki mizunguko miwili sponji ilikuwa imelowa jasho na kulala. Mpira mmoja ukakatika. Nikausikia mto unahamia kushoto, nikawa nimekaa upande. Niliuona ukuta wa kinu, Kaka. Niliuona mapema kabisa, palepale uliposema. Nikajivuta, mto ukanisukuma, kiwiko kikagonga mlango, mguu ukapata nusu ya pedali ukateleza. Breki zako ni nzuri. Zilishika kadiri nilivyozikanyaga. Zinataka mguu wote, na wangu haukufika.

Baada ya hapo ni ukuta.

Niliandika breki haikunitosha kwa sababu sikutaka kuandika kiti. Nilisema moyoni, mgonjwa yule, nikimwambia kiti ndicho kilichoniangusha atajilaumu, atakonda, mguu utakataa kupona. Ukanijibu nimejisahau kwa kushangiliwa. Ukanirudisha kwenye spana yangu. Nami nikainyamazia hiyo pia, mpaka Alhamisi.

Nafasi kwa Mzee Miwani imekwenda kwa mtu mwingine. Hakunilaumu. Aliniuliza mara moja tu kwa nini sikusogeza kiti, nikamjibu kwamba mwenyewe bado anakuja. Akavaa miwani yake akarudi kwenye kazi.

Mguu wako nimeulilia, na nitaulilia. Ungeniambia Januari ningepanda gari la kwanza kuja kukaa nawe. Ninachokukasirikia si mguu. Ulijua kiti kile hutakikalia tena, na bado ukaona afadhali kikose mtu.

Nati


11 Agosti

Nati,

Hukuniamkia, nami siitikii. Mama kifua kimemwachia. Wifi yako amerudi na vipimo, mguu utakuwa tayari kabla ya mwisho wa mwaka, eti utapendeza.

Sikukudanganya. Nimezipitia barua zangu kichwani, maana ninao muda, na sijaona neno la uongo. Vidole vilikuwa vinawasha. Vinawasha hata sasa nikiandika. Kidole gumba ambacho sijui walikizika au walikichoma kinaniwasha usiku kucha, na mimi nakuna shuka. Wanasema ni kawaida, na hilo nalo nilikuandikia.

Ulitaka neno moja. Nilishika kalamu siku nyingi kuanzia Februari mpaka Aprili, muulize wifi yako ni karatasi ngapi alizofagia. Zaidi ya hapo usinichimbe. Wewe una miguu miwili na hasira. Mimi ningepewa hivyo vyote ningekuandikia barua ndefu kuliko yako.

Gari nimeliuza. Lilikuwa langu, kadi ina jina langu. Amenunua huyohuyo daktari wa meno. Alikuja mpaka hapa nyumbani, akainama mlangoni asigonge kichwa, akakaa kitandani kwangu tukaongea mlima na daraja mpaka chakula kikapoa. Ni mrefu kama mimi, labda anizidi kidogo. Nimemwambia kiti kitamkaa vilevile kilivyo na hatakuwa na haja ya kukigusa. Nimemwambia pia kuna fundi analijua gari hilo kuliko yeyote, aliache hapohapo kwa Mzee Miwani. Kwa hiyo kazi unayo. Nyoosha mbele, mkabidhi.

Alikusifia. Alisema alikuona kwenye kioo chake ukija, akaogopa. Nimekuandikia hilo kwa sababu alisema nikufikishie.

Ngongoti


3 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Nimeirudisha kwa ajili ya Mama, aliyenitumia salamu kwamba anaona aibu. Natumaini nyote wazima. Huku joto limeanza, duka la rangi linanuka kwelikweli na nimehamishia kitanda dirishani.

Gari nimelimaliza. Bodi imenyooka, taa ni mpya, rejeta nimechomelea mwenyewe, na rangi huwezi kujua ilipoanzia. Nilifanya taratibu. Wenzangu walinitania kwamba nalipamba kama maiti, nikawaambia wafunge midomo wakafunga.

Daktari wa meno alikuja juzi na glavu zake. Ni mtu mwema. Anaongea polepole kana kwamba kila anayemsikiliza ana ganzi mdomoni. Alisema amesikitika kwa ajili yangu na kwa ajili yako, akanipa mkono. Kisha akaingia. Akanyoosha miguu, ikafika. Sikutaka ifike, lakini ilifika sawasawa, magoti yake yakawa palepale yalipokuwa yako. Nilisimama mlangoni namtazama, nikasema basi, nitamwandikia Kaka kwamba kimemkaa, na yaishe.

Hakukaa muda mrefu. Akashuka, akajishika kiuno, akasema kinambana na isitoshe anacho chake alichokizoea. Akasema, "Fundi, hiki kitoe." Hakuuliza ni cha nani wala kwa nini kiko hapo.

Nikachukua spana namba kumi na tatu. Ni bolti nne tu, Kaka. Nilitumaini zitakuwa na kutu, zinisumbue, nipate sababu ya kupiga nyundo. Ulizipaka grisi vizuri. Zilifunguka bila kelele, nikakinyanyua kiti peke yangu, si kizito, nikakipitisha mlangoni. Kiliacha mraba wa vumbi kwenye sakafu na mto wa Mama, uliochomoka siku ya mbio ukabanwa nyuma yake. Mto nimeufua, nitamrudishia.

Matundu ya kiti chake nimetoboa mimi. Ni mbele kidogo ya yale yako, kwa sababu anapenda kukaa karibu na usukani. Ilichukua nusu siku.

Kiti chako kiko nje nyuma ya gereji, kwenye matairi mabovu. Lori la kununua chuma chakavu hupita kila Ijumaa. Kama unakitaka kije nyumbani niandikie, nitakifunga vizuri nikipandishe garimoshi. Leo ni Jumatano, na unajua barua zetu zinavyochelewa.

Nati, fundi